Ziwa mlilifunga, vichanja nikauza mimi: barua ya wazi kwa mkuu wa ofisi ya uvuvi

Mheshimiwa Mkuu wa Ofisi,

Nakuandikia hadharani kwa sababu barua tulizokuletea mkononi, zenye sahihi za kikundi kizima, hazijajibiwa. Wanaozipokea wanatufahamu kwa sura sasa, na hutuambia tuje wiki ijayo kabla hata hatujakaa.

Mimi ni mkaushaji wa dagaa katika mwalo mmoja wa mkoa wa Kigoma. Kikundi chetu unakijua, maana afisa wako ndiye aliyetuandikisha, muda mfupi kabla Ziwa Tanganyika halijafungwa Mei 15, 2024. Alituambia tuchimbe bwawa. Vifaranga vya samaki vingeletwa, chakula cha kuanzia kingeletwa, na ile miezi mitatu ya ziwa kufungwa isingetukuta mikono mitupu. Tulichimba. Akiba ya kikundi iliishia kwa vibarua na mabomba ya kuvutia maji. Ziwa likafungwa, likafunguliwa katikati ya Agosti, na vifaranga havijafika hadi leo. Bwawa limeota majani.

Kwa hiyo niliuza vichanja vyangu.

Nataka ujue jinsi ilivyokuwa, kwa kuwa kwenye ripoti yoyote ya mradi jambo hili haliwezi kuonekana. Nilikuwa na mkopo wa mtaji, ule tunaochukua ili alfajiri boti zikitia nanga tuwe na fedha taslimu ya kununulia dagaa wabichi. Marejesho ni kila wiki. Ziwa lilifungwa, lakini daftari la mkopeshaji halikufungwa. Nililipa kwa kilichokuwamo ndani, kikaisha. Nikaingia kwenye mkopo wa kausha damu ili kulipa ule wa kwanza, na sasa nikawa nadaiwa kotekote. Kila nilipotaka kuuza kitu nilijiambia nisubiri kidogo, vifaranga vinakuja, afisa amesema. Mwishowe nilivunja vichanja. Nguzo zilichukuliwa na fundi anayejenga, wavu wa waya ukanunuliwa na mfuga kuku. Mtoto wangu wa sekondari alirudishwa nyumbani kwa michango. Mama yangu alikatiza dawa. Hayo nayataja tu na kuyapita, kwa kuwa yalikwisha, kwa namna yake. La vichanja halijaisha.

Mheshimiwa, wewe ni mtu wa uvuvi, sina haja ya kukufundisha kichanja ni nini. Lakini naomba uniruhusu kukukumbusha, maana nadhani waliopanga mambo haya walisahau. Kwenye kichanja hewa inapita juu na chini, dagaa anakauka mapema, anabaki mweupe, hana mchanga, kuku hawamfikii. Mnunuzi wa Dar es Salaam anaingiza mkono guniani, anauvuta, anatazama kiganja chake. Akiona chembe za mchanga bei inashuka hapohapo, au anafunga gunia lako na kuhamia kwa jirani. Kwa miaka mingi wataalamu walikuja mialoni kwetu kutuhimiza tuache kuanika chini. Nilikuwa miongoni mwa waliosikia. Nilijenga vichanja kwa fedha yangu mwenyewe, nguzo moja baada ya nyingine. Leo naanika mchangani tena.

Tazama na kalenda. Kwetu Kigoma, Mei hadi Agosti ndiyo miezi ya jua kavu, ndiyo miezi ya kukaushia. Ndiyo hiyo iliyochukuliwa. Sisemi ilichaguliwa vibaya kwa samaki, nasema ndiyo hiyo iliyochukuliwa kwa mkaushaji. Ziwa linapofunguliwa, zinabaki wiki chache za jua kabla mvua hazijaanza. Katika wiki hizo mwenye vichanja anakimbizana na mawingu na anaokoa kilicho chake. Asiye navyo, mvua ikinyesha usiku, asubuhi anakuta dagaa wamevunda, wananunuliwa kwa bei ya chakula cha kuku. Yamenipata hayo. Dagaa waliopumzishwa miezi mitatu na nchi nne zinazozunguka ziwa hili walitua mikononi mwangu nikawa sina pa kuwaweka.

Hilo ndilo ninalotaka likuumize, Mheshimiwa. Dagaa aliyeoza mchangani amevuliwa bure. Ametolewa ziwani, hayupo tena wa kuzaa, na hakuna aliyemla. Mlifunga ziwa ili samaki waongezeke, na kwa kutotimiza ahadi ndogo kwa wanawake wa mwalo mmoja mkasababisha samaki walewale waharibike wakiwa wamekwisha vuliwa. Vichanja vyangu vilikuwa sehemu ya uhifadhi wa ziwa hili kama ilivyo doria ya boti. Hakuna aliyeviandika hivyo popote.

Wala usinihesabu kati ya wanaopinga ziwa kufungwa. Naliunga mkono, na nimegombana na watu wa mwalo wetu kwa ajili hiyo. Nimeona migebuka ikipungua kwa macho yangu. Dagaa maisha yake ni mafupi, kama mwaka mmoja hivi, anakua upesi, na naamini akipewa nafasi anarudi. Samaki hawana mpaka: anayekua upande wa Kalemie anavuliwa Kigoma, na wa Kigoma anavuliwa Uvira. Nchi moja ikifunga na nyingine ikivua, anayepumzisha anampumzishia jirani. Ndiyo maana Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia sahihi mkataba wa ziwa hili jijini Dar es Salaam mwezi Juni 2003, na ndiyo maana kuna Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao Bujumbura. Ushirikiano huo nautaka. Nautaka uwe wa kweli mpaka ufike mchangani.

Nimesoma pia, au nimesomewa na kijana wangu, kwamba si nyavu peke yake zilizopunguza samaki. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walionyesha kwamba maji ya juu yakipata joto hayachanganyiki vizuri na yale ya kilindini yenye rutuba, na walikadiria kuwa uzalishaji wa vijimea vinavyolisha ziwa umeshuka kwa takriban asilimia 20. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake walisoma tabaka za tope la chini ya ziwa na kukuta kuwa samaki walianza kupungua kabla uvuvi mkubwa wa kibiashara haujaanza. Joto hilo halikutoka kwenye vichanja vyetu. Walioleta joto hilo wako mbali na hawajafungiwa chochote, hata wiki moja. Sisi tumefungiwa, tumekubali, na gharama tumeachiwa wenyewe.

Sasa naomba niseme na wote mnaokaa meza moja kwa niaba ya nchi hizi nne, si wewe peke yako. Mnahesabu nini? Sensa ya pamoja ya uvuvi ya mwaka 2011 ilipata wavuvi karibu 95,000 kuzunguka ziwa lote, na boti, na zana zao. Kazi nzuri. Lakini boti ikishatia nanga hesabu yenu inakoma, na hapo ndipo kazi ya wanawake wengi inapoanza: kununua, kuosha, kuanika, kugeuza, kufunga, kusafirisha. Tangazo la kufunga ziwa lililobandikwa mwaloni kwetu lilimtaja mvuvi, likataja zana, likataja adhabu. Mkaushaji halikumtaja hata mara moja. Mtu asiyehesabiwa wakati wa kupanga hawezi kukumbukwa wakati wa kugawa. Mialo ya Baraka, Rumonge na Mpulungu ina wanawake kama mimi, na sina sababu ya kuamini kwamba wao wamekumbukwa.

Na ufugaji wa samaki, unaotajwa katika kila hotuba kuwa ndio mbadala, hauanzi siku ziwa linapofungwa. Kifaranga kinahitaji miezi mingi kabla hakijawa kitoweo. Bwawa lililokusudiwa kutulisha Juni lilipaswa kuwa na samaki mwaka uliotangulia. Hili analijua kila afisa uvuvi aliyesomea kazi yake. Kwa nini basi tuliandikishwa wakati ule, na kuambiwa yale? Nataka jibu la swali hili kuliko ninavyovitaka hivyo vifaranga.

Ninayoomba kwako ni haya. Kikundi chetu kiambiwe kwa maandishi kama ahadi ile ilikuwa na fungu la fedha au haikuwa nalo. Kama lilikuwapo, tuelezwe lilikokwenda. Kama halikuwapo, turudishiwe tulichotumia kuchimba bwawa kwa agizo la afisa wako. Wakaushaji waandikishwe mwalo kwa mwalo kabla ziwa halijafungwa tena, na taasisi za mikopo zipewe tangazo lile lile wanalopewa wavuvi, pamoja na makubaliano kwamba marejesho yanasimama hadi ziwa lifunguliwe. Nchi nne zinazoweza kukubaliana tarehe moja ya kusimamisha boti zinaweza pia kukubaliana juu ya hilo.

Na vichanja. Sitaki semina nyingine ya kunieleza faida zake. Nataka nguzo na wavu kwa kila mwanachama aliyeuza vyake akisubiri ahadi yenu, na nataka viwe vimesimama kabla mvua hazijaanza. Orodha ya majina mnayo, mliiandika wenyewe. Nitakuja ofisini kwako na wenzangu Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao, saa mbili asubuhi, na safari hii tunaomba tuonane na wewe mwenyewe.

Wako katika kazi ya ziwa,

Mkaushaji wa dagaa, Kigoma