Ustawi wa Watoto na Mashine za Serikali: Nani Amfuate Mwenzake?

Siku hizi kila wakubwa wanapokutana kuzungumza juu ya watoto wanaoteswa, neno "mfumo" halikosi kutajwa. Twaambiwa mfumo unakuja, mfumo umeboreshwa, maofisa wamefundishwa kuutumia, na habari za watoto zitaonekana katika kompyuta toka kijijini mpaka wizarani. Neno lenyewe si baya, wala mimi si mmoja wa wale wanaodhani kompyuta ni mzimu. Lakini nina swali ambalo sijalisikia likiulizwa kwa sauti. Je, mfumo umetengenezwa ufuate sheria yetu na kazi ya afisa wetu, au sheria na afisa ndio watakaolazimika kuufuata mfumo?

Wako watakaosema hilo ni jambo la mafundi. La hasha. Limekwisha kuzisumbua nchi zenye fedha nyingi kuliko sisi, na habari za Uingereza yafaa zisomwe na kila diwani wa nchi hii, kwa kuwa zilianza na mtoto wa Kiafrika.

Mtoto huyo aliitwa Victoria Climbié. Alizaliwa karibu na mji wa Abidjan, Ivory Coast, mwezi wa Novemba 1991. Mwaka 1998 shangazi wa baba yake alikuja nyumbani kwao akaahidi kumchukua mmoja wa watoto akamsomeshe Ulaya. Wazazi wakakubali. Nani kati yetu angewalaumu? Kumlea mtoto wa ndugu ni desturi yetu sote, huko Afrika Magharibi na huku kwetu, na wengi tunaosoma gazeti hili tumepata shule kwa njia hiyo hiyo. Basi mtoto akapelekwa Ufaransa, na mwezi wa Aprili 1999 akafikishwa London. Alisafiri kwa pasi ya mtoto mwingine, ikawa huko Uingereza kila ofisi ilimjua kwa jina la Anna.

Katika muda wa miezi 10 tu habari zake zilifika katika ofisi za ustawi wa jamii za mitaa 4 ya London, hospitali 2, na vikosi vya polisi vya kulinda watoto. Hakukosa kuonekana. Madaktari waliona alama mwilini mwake. Katika hospitali moja wakasema ni upele, na ulinzi wa polisi ukaondolewa. Afisa aliyekabidhiwa shauri lake kwa karibu miezi 7 alimwona mara 4, na muda wote huo ukijumlishwa haukuzidi nusu saa. Tarehe 25 Februari 2000 mtoto alikufa akiwa na umri wa miaka 8, na mwili wake ulikutwa na majeraha na alama 128. Shangazi yule na mwanamume aliyeishi naye walihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2001.

Serikali ya Uingereza ilimteua Lord Laming aongoze uchunguzi, na ripoti yake ikatoka Januari 2003. Alikuta kwamba ziliwahi kupita nafasi zisizopungua 12 za kumwokoa mtoto yule, na katika baadhi yake kilichotakiwa hakikuwa kitu kikubwa: msimamizi kulifungua faili na kulisoma, au kuuliza swali moja la maana. Katika majuma ya mwisho afisa alikwenda nyumbani kwao mara kadhaa, akabisha hodi, hakuitikiwa, akadhani wamehama. Na siku ile ile aliyokufa mtoto, ofisi ya ustawi ya mtaa wa Haringey ilikuwa ikilifunga rasmi faili lake.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Faili lilikuwapo. Karatasi zilikuwapo. Tarehe ziliandikwa. Kwa hesabu ya ofisi, shauri lilikuwa limekwisha.

Sasa tazama Serikali ile ilifanya nini. Ilikuwa na haki ya kusema kwamba ofisi hazikupashana habari, maana ndivyo ilivyokuwa. Ikatunga Sheria ya Watoto ya mwaka 2004, na kwa nguvu ya sheria hiyo ikaanzisha daftari kubwa la kompyuta lililoitwa ContactPoint, la kuandika majina, anwani, shule na daktari wa kila mtoto wa England, watoto wapatao milioni 11. Watumishi zaidi ya 300,000 walikusudiwa kuruhusiwa kulitazama. Kulijenga kuligharimu pauni milioni 224. Lilianza kutumika mwaka 2009, na mwezi wa Agosti 2010 Serikali mpya ikalizima. Wengi walikwisha kulilalamikia, wakiuliza kwa nini habari za watoto wote ziwekwe mahali pamoja ambapo watu wengi hivyo wanaweza kuchungulia, ilhali watoto walio hatarini ni wachache kati yao. Nami naongeza langu: daftari lile lingemwandika mtoto wetu kwa jina la Anna, na lingemwandika kwa unadhifu kabisa.

Upande wa maofisa ukaletwa mfumo mwingine wa kusimamia mashauri. Huo ulikuwa na fomu ndefu zilizopangwa na wakubwa, na saa iliyokuwa ikihesabu: tathmini ya kwanza ndani ya siku 7 za kazi, tathmini kamili ndani ya siku 35. Fomu moja ilikatwa vipande vipande, kipande cha afya, kipande cha masomo, kipande cha tabia, hata msomaji akawa hawezi kuiona habari ya mtoto ikienda kwa mfuatano toka mwanzo hadi mwisho. Wachunguzi wa vyuo vikuu waliokaa na maofisa hao waliandika mwaka 2009 kwamba watu walikuwa wakitafuta njia za mkato ili wasipitwe na tarehe, na kwamba sehemu kubwa ya siku ilikwishia mbele ya kioo cha kompyuta. Mimi nimesomea ualimu, na jambo hili sikuhitaji kulisoma Uingereza. Mwalimu aliye na watoto 90 darasani anaweza kuwa na daftari la mahudhurio lisilo na doa, mkaguzi akalisifu, na asijue kwamba msichana wa dawati la nyuma amekuja wiki nzima bila kula.

Mwaka 2011 Profesa Eileen Munro alitoa ripoti aliyotakiwa na Serikali hiyo, akasema kazi imegeuka kuwa ya kutimiza masharti badala ya kumtazama mtoto. Mwaka 2013 mwongozo ukabadilishwa. Zile tathmini mbili zikafanywa moja, afisa akaachiwa nafasi ya kutumia akili yake, na kikomo kikawa siku 45. Yaani ilipita miaka 10 tangu ripoti ya Laming ndipo waliporudi kule walikopaswa kuanzia. Na mashine hazikutupwa, wala hapakuwa na haja ya kuzitupa. Kilichobadilika ni nani anayemwamuru mwenzake.

Marekani nao walipita njia ya namna hiyo. Kanuni za mwaka 1993 ziliyataka majimbo yanayopokea fedha za kazi hiyo yajenge kila moja mtambo mmoja mkubwa wa kufanya kila kitu. Mwaka 2016 kanuni hizo ziliondolewa, zikawekwa nyingine zinazoruhusu vipande vidogo vidogo vinavyoweza kubadilishwa kadiri kazi inavyobadilika. Sisemi zaidi juu ya Marekani. Kinachotuhusu ni kwetu.

Kwetu Tanzania sheria tunayo, tena si mbaya. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Inaiweka Halmashauri kuwa mlinzi wa ustawi wa watoto wa mahali pake, na inamtaka kila mtu katika jamii anayejua kwamba haki ya mtoto inavunjwa apeleke habari huko. Shida nayo twaijua. Uchunguzi wa taifa uliofanywa mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 hivi katika kila 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Tunazo kamati za kulinda wanawake na watoto, tunayo Madawati ya Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi, tunayo simu ya bure ya namba 116. Tena tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ambayo Waingereza wangesema tumetangulia kufunga mlango kabla mwizi hajaingia, kama kweli tutaufunga.

Basi mtoto akiteswa Singida leo, habari hiyo yaweza kuanza kwa mwalimu, au kwa mwenyekiti wa kijiji, au polisi, au zahanati, au kwa simu. Milango mingi ni jambo jema. Lakini Victoria naye alikuwa na milango mingi. Nataka kujua, na naona kila mwananchi ana haki ya kujua: habari ikiingia kwa mlango wowote, ni nani kwa jina na kwa cheo anayetakiwa kwenda kumwona mtoto, na ndani ya siku ngapi? Jibu la swali hilo likiwa limeandikwa katika utaratibu wa kazi na kueleweka na watu, ndipo fundi aitwe ajenge mashine ya kulikumbusha. Fundi akitangulia, atajaza pengo hilo kwa akili yake mwenyewe, na akili ya fundi itakuwa ndiyo sera ya taifa pasipo Bunge kuulizwa.

Chukua jambo la watoto wa kazi za nyumbani. Sote twajua jinsi wasichana wanavyotolewa Iringa, Dodoma na Singida na kuletwa Dar es Salaam, wengine na jamaa zao hasa, kwa ahadi ya shule au cherehani. Msichana wa namna hiyo akifika mjini huitwa "mtoto wa dada", na jina analoitwa huenda si lile lililo katika cheti chake, kama cheti anacho. Shauri lake laweza kuwa limeandikwa katika wilaya aliyotoka. Je, afisa wa Temeke au Kinondoni ataliona? Na akiliona, atajua ni la mtoto huyu aliye mbele yake? Mfumo ambao kila wilaya inajihesabia mashauri yake hautamsaidia msichana huyu hata kidogo, ijapokuwa kila wilaya itapata sifa ya kuwa na hesabu safi. Hapa mashine ingeweza kufanya kazi ambayo karatasi haiwezi: kumfuata mtoto anapohama. Ningependa fedha zianzie hapo.

Tena kuna jambo la idhini. Kwa kawaida anayemsemea mtoto ni mzazi au mlezi wake. Ikiwa mlezi ndiye mtesaji, ni nani atakayeamua habari za mtoto zionekane na nani? Wanaokusanya habari hizi, iwe Serikali au mashirika ya wafadhili wanaotuletea simu na vishikwambi, watuambie pia zinatunzwa wapi na zitafutwa lini. Mtoto aliyebakwa akiwa na miaka 9 hastahili kulikuta jina lake katika kompyuta ya mtu asiyemjua siku anapokwenda kuomba kazi akiwa na miaka 25.

Nimezungumza na maofisa ustawi wa jamii katika safari zangu za matawini. Hakuna hata mmoja aliyeniambia kwamba haja yake ya kwanza ni kompyuta. Wanataja pikipiki. Wanataja mafuta ya pikipiki. Wanataja mahali pa kumlaza mtoto usiku ule wa kwanza anapoondolewa nyumbani, maana wengine wamewahi kuwalaza watoto hao majumbani mwao wenyewe. Kata nyingi hazina afisa kabisa. Afisa mmoja anashika kata kadhaa, na mvua ikinyesha baadhi yake hazifikiki. Mtu kama huyo ukimpa fomu ya kurasa 12 ya kujaza mahali pasipo na mtandao, ataijaza usiku nyumbani kwa kukumbuka-kumbuka, na pale asipokumbuka ataweka alama ya vema ili mashine imruhusu kuendelea. Kisha wizarani watasoma alama zile na kuziita takwimu.

Bajeti za halmashauri zinapopangwa, madiwani huona fungu la vifaa na mafunzo ya mfumo, nao hulipitisha upesi kwa sababu linapendeza. Mwaka huu naomba kila diwani, kabla hajainua mkono, amwite afisa ustawi wa jamii wa mahali pake asimame mbele ya baraza, amwulize mwezi uliopita alibisha hodi katika nyumba ngapi, na fomu alizijaza ngapi. Nambari hizo mbili ziandikwe katika muhtasari wa kikao, na wananchi wa kata wasomewe.