Staji si bidhaa ya kuuzwa, wala si kazi ya kufagia

Hapa Goma wanafunzi wa mwaka wa sita komersiale na jestio wanapewa karatasi moja na shule: barua ya kuomba staji. Kisha wanaambiwa, nendeni mtafute. Mtoto mwenye mjomba ndani ya biro anapata nafasi siku ile ile. Mtoto aliyekimbia vita na wazazi wake kutoka Masisi ao Rutshuru hana mjomba mjini. Anazunguka na barua yake mpaka inachakaa mkononi.

Ninasema wazi: hii si haki, na kosa la kwanza ni la shule zetu. Staji ni sehemu ya masomo. Mwanafunzi anaandika rapoti, na rapoti ile ndiyo anayoitetea mbele ya juri. Shule haimwambii mtoto aende barabarani kujitafutia mwalimu wa hesabu. Mbona inamwambia ajitafutie mahali pa staji?

Kosa la pili ni la patroni. Wako wanaopokea mwanafunzi, lakini mwezi mzima anafagia, anabeba makatoni, anatumwa kununua chai. Kitabu cha kasa hakioni hata siku moja. Wengine wanaomba pesa ndipo watie muhuri kwenye karatasi yake. Papa patroni, mtoto anayekubebea mizigo bure hafanyi staji, unamtumikisha. Sheria 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inayolinda mtoto, inakataza kumnyonya kiuchumi. Neno "staji" juu ya barua haliondoi sheria ile.

Najua jibu lenu. Mnasema benki zilifunga milango hapa mjini tangu mwezi wa kwanza 2025, sasa tuwaweke watoto wapi? Ni kweli, zilifunga. Lakini nani alisema biashara inajifunzwa benki tu? Angalieni maduka ya simenti na misumari, depo za dawa, wamama wanaouza samaki Kituku, vibanda vya kutuma pesa kwa simu. Pale pesa zinaingia na kutoka kutwa nzima, kwa dola na kwa franka za Kongo. Mtoto anayejua kubadilisha dola bila kupata hasara, kuhesabu stoki jioni na kuandika madeni ya wateja, huyo amejifunza jestio.

Na tusiseme duka dogo halina hesabu ya kweli. Inchi yetu iliingia OHADA mwaka 2012, na kanuni za hesabu za OHADA zenyewe zinaruhusu biashara ndogo sana kutumia mfumo mwepesi: kuandika pesa zilizoingia, pesa zilizotoka, na kinachobaki. Mwanafunzi aliyesoma hayo darasani anaweza kumfungulia mama wa Kituku kitabu chake cha kwanza. Mama anajua faida yake, mtoto anapata rapoti.

Basi tunaomba mambo matatu, na hakuna hata moja linalongojea msaada kutoka ng'ambo. Maprefe wa masomo wapite mapema kwa wafanyabiashara, waandike orodha ya nafasi, na waanze kupanga watoto wasio na mtu mjini. Shule na patroni wasaini karatasi moja inayosema mtoto atafanya kazi gani, saa ngapi, nani atamfundisha, na kwamba hatalipa kitu. Juri wapokee rapoti ya duka la sokoni sawa na rapoti ya kampuni kubwa, wamuulize mtoto hesabu zake, si jina la kampuni.

Na ninyi wazazi mliotoka kambi za Bulengo na Lushagala mwezi wa pili 2025, mnaoishi bado mjini kwa jamaa ao katika nyumba ya kupanga, msikae kimya kwa sababu mnajiona wageni. Nendeni shuleni, mumuulize prefe: mtoto wangu atafanya staji wapi? Pesa za masomo mnalipa kama wazazi wengine, na swali hilo ni haki yenu. Mashamba na ng'ombe mliviacha nyuma. Kazi ambayo mtoto huyu anajifunza ndiyo urizi mnaoweza kumpatia sasa. Shule isimnyime kwa sababu ya karatasi isiyo na muhuri.