Majani ya Mwonyi Yana Somo Darasani

Wahenga walinena kwamba penye miti hapana wajenzi. Methali hii hunijia kila ninapoufikiria mwonyi, kichaka cha majani ya kunukia kinachojulikana sana na wenyeji wa Kakamega. Wataalamu wa mimea wanauita Ocimum kilimandscharicum, jina lililotokana na mlima Kilimanjaro kwa tahajia ya Kijerumani. Ni jamaa wa mrehani unaopendwa na mabibi wa Pwani, na wa kivumbasi kinachochomwa jioni kufukuzia mbu. Mtoto wa kijijini huutambua kwa pua kabla hajaujua kwa jina. Hata hivyo, mtoto huyo huyo aweza kumaliza shule ya upili, tena kwa alama za kuridhisha katika somo la kemia, bila ya kuambiwa hata siku moja kwamba ndani ya majani yale mna kemia.

Hilo ndilo ningependa kulijadili na walimu pamoja na wanafunzi. Rai yangu ni kwamba mmea huu, na mingine ya aina yake, una haki ya kuingia katika maabara za shule zetu. Usipoingia, tutaendelea kulea vijana wa aina mbili: wale wanaoyadharau maarifa ya nyanya zao kwa kuyaona kuwa ni ushamba, na wale wanaoamini kila kinachouzwa sokoni kwa jina la dawa ya mitishamba. Wote hao wana upungufu mmoja, nao ni kutojua kupima.

Tuanze na jani lenyewe. Harufu ya mwonyi hutoka katika mafuta mepesi yanayohifadhiwa ndani ya vifuko vidogo mno vilivyo juu ya majani. Jani likifikichwa, vifuko hupasuka na mafuta huruka hewani. Sehemu kubwa ya mafuta hayo aghalabu huwa ni kafuri, ingawa kiasi chake hutofautiana kulingana na mmea wenyewe na mahali ulipomea. Ni kafuri ile ile iliyofika Pwani tangu kale kwa majahazi kutoka Asia, na ambayo Waislamu huitia katika maji ya kumwoshea maiti. Kumbe bidhaa tuliyoipokea kutoka ng'ambo ya bahari kwa karne nyingi imo pia katika vichaka vyetu.

Wazee hawakuhitaji kulijua jina la kafuri ili wanufaike nayo. Waliyachemsha majani, wakajifunika nguo na kuvuta mvuke wake walipobanwa na mafua au kikohozi. Waliyachanganya na nafaka ghalani ili kuzuia wadudu. Waliyachoma nyumbani ili kufukuza mbu. Watafiti waliyachunguza mazoea haya, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 kuhusu mimea ya kufukuzia mbu magharibi mwa Kenya, mwonyi ulikuwa miongoni mwa ile iliyojaribiwa. Mimea hiyo ilipunguza mbu, lakini haikuwamaliza. Basi mwenye chandarua asikitupe kwa sababu ana kichaka cha mwonyi uani.

Kwamba jani hili laweza kuwa riziki si ndoto. Kandokando ya msitu wa Kakamega, wakulima wa kundi liitwalo Muliru waliupanda mwonyi mashambani mwao, wakaweka mtambo wa kukamulia mafuta kwa mvuke, na kwa ushirikiano na kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, kilichoasisiwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, mafuta hayo yakatengenezewa dawa ya kuchua iitwayo Naturub. Mwaka 2010 kundi hilo lilipewa Tuzo ya Ikweta na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba mkulima hakuishia kuuza gunia la majani. Thamani iliongezeka pale jani lilipogeuzwa mafuta, na ikaongezeka tena pale mafuta yalipogeuzwa dawa yenye kipimo, chupa na jina. Ngazi zote hizo ni za elimu.

Sasa tuliangalie darasa letu. Mwanafunzi hufundishwa ukenekaji, yaani kugeuza kitu kuwa mvuke kisha kuupoza mvuke huo uwe kiowevu tena. Huchora chupa na neli, huandika majina ya vifaa, hukariri, hufanya mtihani na kusahau. Ilhali kinachohitajika ili aone kwa macho yake si kingi: chombo cha kuchemshia maji, mahali pa kuweka majani juu ya maji hayo, neli ya kupitishia mvuke na ndoo ya maji baridi ya kuupoza. Mvuke hupita katika majani na kuyachukua mafuta. Ukipoa, maji hutua chini na mafuta huelea juu. Pengine chembe nyeupe za kafuri zitaganda kwenye neli, nayo fursa ya kufundisha kuhusu yabisi na viowevu itakuwa imejileta yenyewe. Bila shaka mwalimu ndiye atakayesimamia kazi hii, akihakikisha kwamba mvuke una njia ya kutokea wakati wote, maana chombo kilichozibwa hulipuka, na kwamba moto haukaribii mafuta.

Nimewasikia walimu wakilalamika kwamba silabasi ni ndefu na muda ni mfupi. Malalamiko hayo yana msingi, wala siyapuuzi. Lakini silabasi haiombwi iongezewe mada. Mada ya ukenekaji imo tayari. Ninachopendekeza ni kubadilisha mfano. Fauka ya hayo, mtaala wa umilisi tulioupokea badala ya ule wa 8-4-4 unasisitiza kwamba mwanafunzi atende na atatue matatizo ya mazingira yake. Hapa pana mazingira na pana tatizo. Tukiendelea kufundisha kwa michoro mitupu, tutakuwa tumebadilisha jina la mtaala na kuuacha moyo wake.

Wengine huogopa kwamba kuingiza mitishamba darasani ni kuleta uganga shuleni. Kwa maoni yangu, kinyume chake ndicho kweli. Uganga wa hila hustawi mahali ambapo watu hawaruhusiwi kuuliza. Mwanafunzi aliyeyakamua mafuta kwa mkono wake atajua kwamba kitu kiponyacho chaweza pia kudhuru. Kafuri ikipakwa kifuani kwa kiasi humpa mgonjwa nafuu, lakini ikimezwa na mtoto mdogo yaweza kumletea degedege na hata kuyatisha maisha yake. Ndiyo maana nchini Marekani, tangu miaka ya 1980, dawa za kupaka haziruhusiwi kuwa na kafuri inayozidi asilimia 11. Kijana anayelifahamu hilo hatadanganywa na mchuuzi anayenadi chupa moja kuwa dawa ya magonjwa arobaini, wala hatamnywesha mdogo wake mafuta ya kuchua.

Kuna sababu nyingine, nayo inahusu mali yetu. Tuukumbuke msandali wa Afrika Mashariki, mti ambao mafuta yake ya manukato yamo katika shina na mizizi. Biashara yake ilipopamba moto, miti iling'olewa na mizizi yake na kupitishwa mipakani kwa magendo. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na mwaka 2013 mti huo ukaingizwa katika orodha ya mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Waliong'oa walipata vijisenti, na vilima vikabaki uchi. Mwonyi una bahati kwamba huvunwa majani, nao huchipua tena. Lakini bahati hiyo haitatusaidia ikiwa waujuao ni wale tu wanaotoka mbali kuja kuununua.

Sheria, kwa upande wake, imekwisha kufungua mlango. Katiba ya 2010 inaagiza katika kifungu cha 11 kwamba Bunge litunge sheria za kulinda umiliki wa mbegu na mimea ya asili, na mwaka 2016 ikapitishwa sheria ya kulinda maarifa ya jadi. Hata hivyo, haki isiyojulikana na mwenyewe ni sawa na hazina iliyozikwa. Maarifa yasiyoandikwa hayatetewi kwa urahisi mahakamani, na walio na maarifa hayo wanazeeka. Nani atakayeyaandika ikiwa si mwanafunzi anayelala nyumba moja na nyanya yake? Daftari lenye jina la mmea katika lugha ya nyumbani, sehemu inayotumiwa, namna inavyotayarishwa na tahadhari zake ni kazi ya likizo yenye faida kuliko insha nyingi tunazowapa. Sharti lakini mwenye maarifa aombwe idhini na jina lake lihifadhiwe pamoja na maelezo yake, ili shule isiwe mwizi wa kwanza.

Enyi walimu wa sayansi, pandeni mwonyi kando ya maabara. Palipo na mrehani, tumieni mrehani. Palipo na mkaratusi, tumieni mkaratusi. Na wenzetu wa Pwani wanayo karafuu, ambayo mafuta yake yamewasaidia madaktari wa meno kwa miaka mingi. Nanyi wanafunzi, mkiliona jani lenye kunukia msiridhike na kulinusa tu. Ulizeni mna nini ndani yake, kinatolewaje, kinafaa kwa kiasi gani na kinadhuru kikizidi wapi. Miti tunayo. Wajenzi ni nyinyi.