Kiti FIFA wanacho, mechi hawana

Aprili 11, 2001, mjini Coffs Harbour nchini Australia, aliyesimamia ubao wa matokeo alipoteza hesabu. Mabao yalimiminika hata akaandika 32-0, ikabidi maofisa wahesabu upya baada ya filimbi ya mwisho. Yalikuwa 31. Australia ilikuwa imeisulubu Samoa ya Marekani katika mechi ya kufuzu Kombe la Dunia, na mshambuliaji Archie Thompson alifunga 13 peke yake. Rekodi hizo mbili hazijavunjwa hadi leo katika soka la kimataifa la wanaume.

Tangu siku hiyo visiwa hivyo vya watu wasiozidi 50,000 hutajwa vijiweni pale tu mtu anapotaka kumcheka mwenzake. Utani huo hauna haki. Kichapo kile kilianzia mezani. FIFA ilitaka kila mchezaji awe na pasipoti ya Marekani, na katika kikosi cha watu 20 aliyepita mchujo huo ni kipa Nicky Salapu tu. Timu ya vijana wa chini ya miaka 20 ingeweza kuziba pengo, lakini wengi wao walikuwa kwenye mitihani ya shule. Walioingia uwanjani walikuwa kikosi cha kuokoteza chenye wastani wa umri wa miaka 18, na baadhi yao walikuwa na miaka 15.

Isitoshe, siku mbili kabla ya hapo Australia hiyohiyo ilikuwa imeifunga Tonga 22-0. Mpangilio unaozaa matokeo ya namna hiyo mara mbili ndani ya siku tatu ndio wenye kasoro, na kocha wa Australia, Frank Farina, naye aliulalamikia. Baadaye timu dhaifu zikawekewa hatua yao ya awali, na mwaka 2006 Australia ikahamia Asia.

Kilichotokea Samoa ya Marekani walipokutana na wenzao wa kiwango sawa kinafaa kukumbukwa zaidi ya zile 31. Novemba 2011 timu nne za chini za Oceania zilikusanyika Apia, mji mkuu wa taifa huru la Samoa. Samoa ya Marekani ilifika ikiwa mkiani kabisa mwa orodha ya FIFA, ikiwa imepoteza mechi 30 mfululizo. Shirikisho la soka la Marekani lilikuwa limewapelekea Mholanzi Thomas Rongen, aliyewanoa kwa wiki chache tu. Salapu, ambaye wakati huo alikuwa akiishi Seattle, alirudi golini. Beki ya kati alisimama Jaiyah Saelua, ambaye ni fa'afafine, yaani mmoja wa watu wa jinsia ya tatu wanaotambuliwa na mila za Wasamoa. Akawa mchezaji wa kwanza aliyebadili jinsia kucheza mechi ya kufuzu Kombe la Dunia.

Dhidi ya Tonga, Ramin Ott alipiga shuti la mbali muda mfupi kabla ya mapumziko na kipa akashindwa kulidhibiti. Dakika ya 74 Shalom Luani, kijana wa miaka 17, aliuwahi mpira kabla ya kipa na kuupitisha juu yake. Tonga ilirudisha moja dakika za mwisho, visiwani Samoa ya Marekani watu wakashika roho mkononi, lakini mechi ikaisha 2-1. Ulikuwa ushindi wao wa kwanza tangu wajiunge na FIFA mwaka 1998. Wakatoka sare ya 1-1 na Visiwa vya Cook, kisha wakafungwa 1-0 na Samoa kwa bao la dakika za lala salama. Wangeshinda siku hiyo, wangesonga mbele.

Ungetarajia kwamba timu iliyofika hapo ingepewa mechi nyingine upesi, chuma kingali cha moto. Haikuwa hivyo. Mechi yao iliyofuata ilikuja Agosti 2015, karibu miaka minne baadaye. Na jirani wa kucheza naye yuko karibu: Apia na Pago Pago, mji mkuu wa Samoa ya Marekani, hazitengani hata kilomita 150, safari ya ndege ambayo chai inaweza isipoe. Luani hakungoja. Alijikita katika mpira wa Kimarekani, na mwaka 2017 akachaguliwa na Oakland Raiders ya ligi kuu ya mchezo huo.

Msomaji wa huku anao mfano wa kulinganisha. Zanzibar ina watu zaidi ya milioni 1.8 lakini haina kiti FIFA. Hata uanachama kamili wa CAF ilioupata Machi 2017 ulifutwa miezi minne baadaye, kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Samoa ya Marekani ni himaya ya Marekani, nayo ina kiti na kura sawa na ya Brazil. Wazanzibari wana kila sababu ya kununa. Lakini Zanzibar ina ligi yake, klabu zake hucheza mashindano ya CAF, timu ya taifa hukutana na majirani Cecafa, na Januari 2025 ilitwaa Kombe la Mapinduzi pale Gombani, Pemba, kwa kuifunga Burkina Faso 2-1. Timu hiyo ina miguu ya kukimbilia kwa sababu inacheza.

FIFA hupenda kutaja mamilioni ya dola inayogawia vyama vidogo kwa ajili ya viwanja na ofisi. Fedha hizo zina kazi yake. Lakini nyasi bandia hazimfundishi beki wa Pago Pago namna ya kumkaba mshambuliaji asiyemjua. Kinachokosekana ni ratiba: ligi ya kila mwaka ya Samoa mbili, Tonga, Visiwa vya Cook na Tuvalu, kituo kimoja, wiki mbili, tiketi zikilipwa na haohao wenye mamilioni.

Badala yake, ule ushindi wa 2011 umezaa filamu mbili, ya kumbukumbu mwaka 2014 na ya kuigiza mwaka 2023, chini ya mwongozaji Taika Waititi. Timu yenyewe haikushiriki kabisa kufuzu Kombe la Dunia la 2022. Kwa lile la 2026, lililopanuliwa hadi timu 48 na kuipa Oceania nafasi ya moja kwa moja kwa mara ya kwanza, hatua ya awali ilichezwa kwa mtoano Septemba 2024. Walipangiwa Samoa, wakafungwa, na safari yao ikawa imekwisha kwa mechi moja.