Mashine ikikurahisishia kazi, usikimbilie kushusha bei

Kuna tabia moja inatumaliza sisi tunaouza vitu vya mkono mtandaoni. Mtu akipata njia ya kutengeneza haraka, kitu cha kwanza anashusha bei. Mimi napinga, na mfano wangu ni wanyama wadogo wa mbao wa kuchezea watoto.

Kuna mji mdogo Ujerumani unaitwa Seiffen, kwenye milima ya Erzgebirge. Zamani watu wa pale walichimba bati. Uchimbaji ulipodorora wakageukia mbao, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1800 wana mbinu yao. Fundi anachukua kipande cha duara cha gogo bichi, mti wa jamii ya msonobari, anakifunga kwenye mashine ya kukereza. Hachongi mnyama mmoja mmoja. Anakereza pete nzima, upande huu na upande ule, bila kuliona umbo la mnyama. Akimaliza anaipasua pete kama unavyokata keki, na kila kipande ni ng'ombe, farasi au tembo. Pete moja inatoa makumi ya wanyama.

Utasema hela rahisi hiyo. Ngoja kwanza. Mnyama aliyetoka kwenye pete bado ana kona kali. Anachongwa kwa kisu, anabandikwa masikio au pembe, anapakwa rangi. Hiyo yote ni mkono.

Piga hesabu. Tuseme pete imetoa wanyama 40 kwa saa 1. Kila mmoja anahitaji dakika 15 za kisu, msasa na rangi. Hizo ni dakika 600, yaani saa 10! Mashine imekula saa 1 tu, wewe umekula 10. Ukiuza 1,000 kila mmoja unapata 40,000. Toa mbao, rangi, umeme, vifungashio na bando. Kinachobaki kigawe kwa saa 11, halafu uniambie kama hiyo ni biashara.

Wenzetu wa Seiffen yaliwakuta. Karne ya 19 familia nzima, hadi watoto, zilikaa nyumbani zikichonga na kupaka rangi kwa malipo kiduchu. Mzigo ulikwenda mpaka Uingereza na Marekani, lakini bei walipanga matajiri wa katikati. Spidi ya mashine ilikuwepo. Sauti kwenye bei haikuwepo.

Sisi tuna kitu ambacho wao hawakuwa nacho: tunaongea na mteja moja kwa moja. Sasa kwa nini tujipunje wenyewe?

Ushauri wangu:
1. Panga bei kwa saa za mkono, sio kwa ubao.
2. Punguzo mpe anayechukua seti nzima, sio anayechukua mmoja.
3. Rekodi video ya kazi, hasa kisu na rangi. Mteja anayeuliza "mbona bei juu, si mbao tu hiyo?" hajawahi kuona kazi inavyofanyika. Muoneshe.

Wapo watakaosema ukipandisha bei wateja watakimbia. Baadhi watakimbia kweli. Ila mteja anayekulipa chini ya gharama yako hata akibaki, anakufilisi taratibu.

Wewe bidhaa yako moja inakula dakika ngapi za mkono? Andika hapo chini tupige hesabu pamoja.