Ajali haina kinga? Bosi, tuonyeshe daftari kwanza

Kibarua akianguka kutoka orofa ya tatu ya mjengo, kuna sentensi ambayo hufika kabla ya ambulensi: "Ajali haina kinga." Mwenye mjengo huisema, msimamizi huirudia, na hata wenzake waliochanganya simiti naye asubuhi huitikia kwa kichwa. Jioni mchango unaanza kwa WhatsApp. Kesho yake kibarua mwingine anapanda ngazi ile ile.

Mimi sina ugomvi na wahenga. Methali hiyo humfariji mtu aliyefikwa na jambo ambalo hakuna aliyeweza kulijua mapema. Lakini ule ubao ambao haukufungwa ulionekana tangu Jumatatu. Waya uliochunika ulirukwa na kila mtu akienda chai. Hapo kinga ilikuwepo, ila mtu fulani hakuona haja ya kuitafuta. Na kwa sheria za Kenya, mtu huyo anajulikana: ni mwajiri.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, kifungu cha 6, inamtaka kila mwenye mahali pa kazi afanye tathmini ya hatari zinazowakabili watu aliowaajiri, kisha achukue hatua za kuwakinga kulingana na alichokipata. Nakala ya ripoti anafaa kuipeleka kwa afisa wa usalama kazini wa eneo lake. Akipuuza wajibu huo na apatikane na hatia, kuna faini isiyozidi Sh500,000 au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Na usidhani hii ni ya viwanda vya Industrial Area peke yake. Sheria yenyewe inasema inahusu kila mahali ambapo mtu yuko kazini, iwe ni kwa muda au kwa kudumu.

Hapo ndipo sisi vijana tunaingia. Tumezoea kusoma habari hizi tukijiona upande wa wanaoumia, na kweli sisi ndio wengi kwa mjengo na kwa godauni. Lakini wengi wetu siku hizi pia ndio mabosi. Umefungua kinyozi na una vijana wawili. Una kituo cha kuosha magari pale kwa stendi. Una kibanda cha chipsi na kuna msichana anayekukaangia ukienda sokoni kutafuta viazi. Siku uliyomlipa mtu wa kwanza, hukuwa tena hasla peke yako. Ulikuwa mwajiri, na ile sheria ilianza kukuangalia.

Sasa, "tathmini ya hatari" ni jina kubwa, linatisha kama barua ya korti. Kazi yenyewe ni ya daftari, kalamu na saa moja au mbili. Tuchukue karakana ya kuchomelea milango na madirisha kando ya barabara. Kuna mwenyewe, mafundi wawili na kijana mmoja anayejifunza.

Hatua ya kwanza ni kutembea ukitafuta chochote kinachoweza kumuumiza mtu. Mwanga wa kuchomelea. Moshi. Cheche. Grinda iliyotolewa kifuniko ili ikate haraka. Waya wa ekstensheni uliofungwa kwa selotepu, ukipita mahali maji husimama mvua ikinyesha. Makopo ya rangi na thina yaliyowekwa hatua mbili kutoka mahali cheche huanguka. Na usitembee peke yako. Muulize fundi, "Ni wapi hapa umewahi kuponea chupuchupu?" Yeye ndiye anayejua. Bosi anayejaza fomu ofisini bila kumuuliza anayeshika grinda anaandika hadithi ya kubuni.

Hatua ya pili: nani anaweza kuumia, na kivipi? Si fundi tu. Kuna yule kijana anayejifunza, anayeshikilia chuma huku ameangalia kando kwa sababu ngao ya uso iko moja. Kuna mama mboga wa jirani na mteja aliyekuja kuulizia mlango wake. Kuna mtoto anayetoka shule na kusimama kutazama ule mwanga wa buluu.

Ya tatu ni kupima. Jiulize mambo mawili: jambo hili lina uwezekano gani wa kutokea, na likitokea litaumiza kiasi gani? Mkwaruzo wa mkono huenda ukatokea kila wiki, na plasta inatosha. Umeme unaweza kumshika mtu mara moja tu, na hiyo mara moja ikamaliza maneno. Kinachoweza kuua au kulemaza hushughulikiwa kwanza, hata kama hakijawahi kutokea. "Tumefanya hivi miaka mitano na hakuna aliyekufa" si kipimo, ni bahati.

Ya nne ni kuamua utafanya nini, na hapa ndipo wengi hupotea. Ukitaja usalama, bosi anakimbilia glavu na helmeti. Hizo ni kinga za mwisho. Kwanza jaribu kuiondoa hatari yenyewe: hamisha thina na rangi mbali na cheche, na hiyo haina gharama. Usipoweza kuiondoa, badilisha kitu au njia ya kufanya kazi: tupa ule waya, nunua mzima, uupitishe juu. Halafu weka kizuizi kati ya mtu na hatari: rudisha kifuniko cha grinda, simamisha bati la kuzuia mwanga usifike barabarani, chomelea mahali penye hewa. Baada ya hapo ndipo uweke utaratibu na mafunzo, kwamba anayejifunza hagusi grinda kabla ya kufunzwa. Vifaa vya kuvaa vinafuata, na viwe vya kweli. Miwani ya jua ya Sh200 si kinga ya kuchomelea, haina giza la kutosha kwa mwanga ule. Muulize fundi yeyote aliyewahi kuamka usiku akihisi macho yamejaa mchanga.

Na tuseme ukweli kuhusu maziwa. Kuna mabosi humnunulia fundi pakiti moja baada ya kuchomelea vyuma vilivyopakwa zinki, eti yasafishe kifua. Maziwa huteremka tumboni. Moshi umeingia mapafuni. Hizo barabara mbili hazikutani.

Hatua ya tano: andika, weka tarehe, na kando ya kila jambo weka jina la mtu atakayelifanya. Kisha rudia kila kitu kinapobadilika: mashine mpya, mtu mpya, mahali papya, au siku ambayo mtu ameponea. Ripoti iliyonakiliwa kwa intaneti, inayotaja mlango wa dharura wa orofa ya pili na wewe uko kwa kibanda cha mabati, haimlindi mtu yeyote. Haikulindi hata wewe.

Ukiona haya yote ni mambo ya karatasi, kumbuka Embakasi. Usiku wa Februari 1, 2024, lori la gesi lililipuka katika eneo la Mradi, katikati ya makazi ya watu. Kuna waliofariki, mamia wakajeruhiwa, na nyumba, magari na maghala yakateketea. Baadaye Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) ilieleza kwamba maombi ya kibali cha kujenga kituo cha gesi mahali hapo yalikuwa yameletwa mwezi wa Machi, Juni na Julai mwaka wa 2023, na yote yakakataliwa. Sababu mojawapo? Mwombaji alikuwa ametakiwa kuleta tathmini ya hatari inayoonyesha moto ungefika umbali gani kukitokea mlipuko. Mamlaka pia ilitaja wingi wa watu wanaoishi pale.

Soma hapo tena. Swali ambalo moto ulilijibu usiku ule lilikuwa limeulizwa kwa maandishi miezi kadhaa mapema. Ni swali lile lile la karakana yetu: nani yuko karibu, na likilipuka litamfikia nani? Tofauti ni ukubwa wa moto tu.

Najua jibu la kwanza: hakuna pesa. Ni kweli biashara ndogo inabana, na ngao nzuri ya uso si bei ya soda. Lakini hebu tupige hesabu ya upande ule mwingine. Sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini, WIBA, pia ya 2007, inamtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake. Mfanyakazi akilemaa kabisa kwa kudumu, fidia hupimwa kwa mshahara wa miezi 96. Kwa kijana wa Sh15,000 kwa mwezi, hiyo ni Sh1,440,000. Kama hukukata bima, biashara yako ina hizo pesa? Na hata kama ipo, hakuna bima inayorudisha jicho.

Jibu la pili ni kwamba mfanyakazi naye ajichunge, ni mtu mzima. Sawa, sheria inamtaka atumie vifaa alivyopewa na aripoti hatari anayoiona. Kifungu cha 14 kinasema pia kwamba akiripoti hatari kubwa iliyo karibu kutokea, mwajiri hafai kumrudisha hapo kabla hajairekebisha. Kwa karatasi inapendeza. Kwa ground, kibarua wa siku akikataa kupanda ubao uliolegea, kuna wengine 10 wamesimama getini tangu saa kumi na mbili asubuhi wakiomba nafasi yake. Ana kodi. Ana mtoto. Atapanda.

Ndiyo maana kalamu iliwekwa mkononi mwa bosi. Kazi ya kutafuta hatari alipewa mtu anayeweza kusimamisha kazi bila kulala njaa. Anayesubiri mfanyakazi alalamike ndipo achukue hatua amegeuza mambo juu chini, kwa sababu anayeogopa kufutwa halalamiki. Huumia kimya, akarudi mashambani, na nafasi yake ikajazwa.

Serikali nayo isijifiche nyuma ya mabosi. Wizara ya Leba ina idara ya usalama na afya kazini, DOSHS, ila kwenye karakana na vibanda vingi vya mitaani jina hilo halijulikani hata kwa wenye biashara. Kaunti nazo hutufikia bila shida inapofika siku ya leseni. Basi siku hiyo hiyo mwenye biashara apewe fomu ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi, yenye yale maswali matano, na afisa apite baadaye kuona kama kilichoandikwa kimefanywa. Na afisa akija, aje kufunza kabla ya kuja kutoza. Akija kutafuta "kitu kidogo", arudi alikotoka.

Kwako wewe uliyeandika mtu kazi mwaka huu, usingoje fomu wala afisa. Kesho kabla ya kufungua, mchukue mfanyakazi wako mmoja, mzunguke pamoja na daftari. Muulize anaogopa nini hapo kazini, halafu nyamaza, usikilize. Andika anachosema. Kile kinachoweza kuua kirekebishwe kabla ya mashine kuwashwa, hata kama mteja anapiga simu kuulizia mlango wake.