Picha imeng'aa, gauni limerudishwa

Wauzaji wenzangu, kila siku naona mtu anaambiwa anunue simu kali ndo picha zake ziuze. Mimi nabisha. Kinachotuumiza ni taa na filta.

Nilivyoanza kuuza magauni nilikuwa napiga picha usiku chini ya balbu ya njano, halafu naweka filta ing'ae. Dada mmoja akaagiza gauni la sare ya sendofu. Kwenye picha jekundu, kufika kwake damu ya mzee! Imebaki siku mbili tu shughuli. Nikarudisha hela yote na nauli ya boda juu, na shoga zake watano waliokuwa wanataka kuagiza hawakunitafuta tena.

Siku hizi nasubiri asubuhi. Nazima taa, natundika gauni karibu na dirisha, jua lisilipige moja kwa moja. Lenzi naifuta (vidole vyetu vina mafuta jamani). Filta sigusi. Kabla sijaposti naweka gauni pembeni ya simu nalinganisha. Rangi ikigoma, napiga tena, na ikizidi kugoma naandika kabisa: "Hii ni damu ya mzee, sio nyekundu."